Pombe ya mauti: Sheria yaandama chungu, pipa la methanoli lapita

KILA mara Wakenya wanapofariki kwa wingi baada ya kubugia pombe haramu, mambo huenda kwa mkondo ule ule. Kwanza huja habari za watu waliolala wakiwa wazima na kuamka vipofu. Halafu huja idadi ya maiti, ambayo hupanda kila saa. Siku ya tatu machifu na polisi huingia vijijini, mitungi hupasuliwa, kangara humwagwa mtoni mbele ya kamera, na akina mama pima kadhaa hufikishwa kortini. Baada ya mwezi mmoja au miwili, biashara hurejea palipokuwa.

Ilikuwa hivyo Novemba 2000 katika mtaa wa mabanda wa Mukuru, Nairobi, ambako watu zaidi ya 130 walipoteza maisha kwa kinywaji kilichoitwa kumi kumi, jina lililotokana na bei yake ya Sh10 kwa glasi. Ikawa hivyo Machakos mnamo Juni 2005, ambapo zaidi ya 40 walifariki. Mei 2014 zaidi ya 80 waliangamia katika kaunti za Embu, Kitui, Kiambu, Makueni na kwingineko. Februari 2024 ikawa zamu ya kijiji cha Kangai, Kaunti ya Kirinyaga, ambako zaidi ya watu 10 walikufa na baadhi ya walionusurika wakapoteza uwezo wa kuona.

Neno moja limekuwa likijirudia katika maelezo ya madaktari na wakemia kuhusu mikasa ya aina hii: methanoli. Neno hilo hutajwa, likachapishwa magazetini, kisha likasahaulika huku msako ukielekezwa kwa chungu cha chang'aa. Hata hivyo, anayefuatilia kemia ya kilichomo ndani ya glasi hufikia uamuzi mwingine kabisa. Chimbuko la vifo hivi si chungu cha kijijini, na njia zote ambazo mnywaji, muuzaji na hata chifu hutumia kupima kinywaji haziwezi kumfichua muuaji.

Kileo chenyewe ni ethanoli. Iwe ni bia ya chupa, busaa ya mahindi na wimbi, mnazi wa Pwani, muratina wa Mlima Kenya au wiski ya bei ghali kutoka Scotland, kinacholewesha ni kitu kimoja: molekuli yenye atomi mbili za kaboni, sita za haidrojeni na moja ya oksijeni. Hamira hula sukari, ikatoa ethanoli na gesi ya kaboni dioksidi. Lakini hamira hiyo hiyo hulemewa na kileo inachokitengeneza. Mara kinapokaribia asilimia 15 au kuzidi hapo kidogo, nyingi hufa. Ndiyo sababu hakuna busaa wala mnazi unaoweza kuwa mkali kama chang'aa. Anayetaka ukali zaidi hana budi kuikeneka pombe, yaani kuichemsha, kuunasa mvuke wake na kuupoza hadi uwe majimaji tena.

Ethanoli na maji vina uhusiano wa ajabu, na humo ndimo ilimo sehemu kubwa ya tatizo. Ukichukua mililita 50 za ethanoli safi ukazimimina ndani ya mililita 50 za maji, hupati mililita 100. Unapata kati ya 96 na 97, na chombo hupata joto mkononi. Hakuna kilichovuja. Molekuli za vitu hivi viwili hushikana kwa nguvu kupitia haidrojeni na oksijeni zake, zikajipanga kwa kubanana kuliko zilivyokuwa kila moja peke yake. Mrusi Dmitri Mendeleev, ambaye dunia humkumbuka kwa jedwali la elementi, aliandika tasnifu yake ya udaktari mwaka 1865 kuhusu jambo hili hili la kuungana kwa ethanoli na maji. (Hadithi kwamba yeye ndiye aliyeamua vodka iwe na asilimia 40 ya kileo haina msingi, ingawa wauzaji wa vodka huipenda sana.)

Kutokana na kubanana huko, huwezi kujua ukali wa kinywaji kwa hesabu ya kujumlisha na kutoa tu. Hupimwa kwa uzito wake kwa kila ujazo. Ethanoli ni nyepesi kuliko maji: mililita moja ya maji ina uzito wa takriban gramu moja, nayo ya ethanoli ina gramu 0.789. Kwa hivyo, kadiri kinywaji kinavyokuwa kikali ndivyo hidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea, inavyozama zaidi. Mfaransa Joseph Louis Gay-Lussac alitengeneza kipimo cha namna hiyo cha kusoma asilimia ya kileo mwaka 1824, na hadi leo maafisa wa ushuru na viwanda vingi hutumia vizazi vyake.

Sasa methanoli. Hii ni nduguye ethanoli aliyepungukiwa na kaboni moja. Haina rangi, kama ethanoli. Harufu yake inakaribiana mno na ya ethanoli. Huchanganyika na maji kwa kiwango chochote, kama ethanoli. Huwaka kwa mwali wa samawati usioonekana vizuri mchana, karibu sawa na wa ethanoli. Na mililita yake moja ina uzito wa gramu 0.791. Linganisha na 0.789 iliyotajwa hapo juu. Hidromita haina namna ya kutofautisha kati ya tarakimu hizo mbili. Ukiitumbukiza ndani ya maji yaliyotiwa methanoli, itasoma asilimia kana kwamba ni kileo halali na kukupa jibu la kuridhisha.

Katika mabaa na mangweni kuna desturi ya kumwaga kinywaji kidogo juu ya meza na kukiwasha kiberiti. Kikiwaka vyema, hunenwa kuwa ni "safi". Wengine hukionja kwa ncha ya ulimi au kukipaka mkononi na kunusa. Desturi hizi zimewaua watu, maadam zinapima kitu kimoja tu, ukali, nao ukali wa methanoli hauna kasoro. Kinachoweza kuzitenganisha kwa yakini ni maabara yenye mtambo wa kromatografia ya gesi au kemikali maalumu, kama zile za Mkemia wa Serikali.

Kuna imani nyingine iliyoenea, hata miongoni mwa wasomi, kwamba methanoli ni zao la upishi mbaya. Husemwa kwamba mgema mzembe asipomwaga matone ya kwanza yanayotoka kwenye mrija, sumu hubaki ndani ya chang'aa. Hoja hii inategemea viwango vya kuchemka: methanoli kwenye nyuzi 64.7 za Selsiasi, ethanoli kwenye 78.4 na maji kwenye 100. Mtu akiitazama orodha hiyo hudhani kwamba methanoli itatoka yote kwanza, ikifuatwa na ethanoli, kisha maji, kama abiria wanaoshuka kila mmoja katika kituo chake.

Mambo hayaendi hivyo. Tarakimu hizo ni za vitu vikiwa safi (na tena kwenye usawa wa bahari, Nairobi, iliyo mita 1,700 hivi juu, maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95). Vikichanganywa, mvuke unaotoka ni mchanganyiko pia. Ndani ya chungu kilichojaa maji, methanoli hupanda pamoja na ethanoli tangu tone la kwanza hadi la mwisho, na kumwaga kikombe cha mwanzo hakuiondoi. Hata ethanoli na maji peke yake hukataa kuachana kikamilifu: ukiikeneka mara 10 au mara 100, ukifika asilimia 95.6 kwa uzito, mvuke huwa na kiwango kile kile cha maji kilichomo ndani ya majimaji yanayochemka, na moto hauwezi kuongeza lolote. Viwanda vinavyotaka ethanoli kavu ya kuchanganya na petroli hulazimika kuyanyonya maji hayo yaliyosalia kwa madini maalumu. Sembuse pipa la mafuta lililogeuzwa jiko kando ya Mto Nairobi.

Kinachomwokoa mnywaji wa chang'aa ya kienyeji dhidi ya methanoli, basi, si ustadi wa mgema. Ni kwamba methanoli haikuwemo kwa wingi tangu awali. Katika uchachushaji, methanoli hutokana na pektini, ule utomvu ulio katika maganda na nyama ya matunda. Mahindi, wimbi, sukari nguru na molasi vina pektini kidogo mno, na kiasi cha methanoli kinachopatikana hapo hakiwezi kupofusha kijiji kizima kwa usiku mmoja. Huku si kuisafisha jina chang'aa. Pombe ya chunguni ina hatari zake: maji machafu, metali zinazoyeyuka kutoka kwa mabati na mapipa, ukali usiojulikana, na familia zinazosambaratika polepole. Lakini watu 80 wakifa katika kaunti kadhaa kwa siku chache, hilo halitoki chunguni. Hilo limetoka kwenye pipa la kiwandani, na pipa lina mwenyewe.

Methanoli hutengenezwa kwa wingi duniani kutokana na gesi asilia na makaa ya mawe. Kenya huagiza shehena zake kutoka ng'ambo kwa matumizi halali kabisa: gundi za mbao, rangi, viyeyushi, kazi za maabara. Ni rahisi kuliko ethanoli ya kunywa, na haitozwi ushuru wa pombe kwa kuwa si pombe. Mchanganyaji anayetaka kujaza chupa za bei ya chini huhitaji vitu vitatu tu: spiriti, maji na vionjo vya rangi na ladha. Ethanoli ikiwa ghali, au akiuziwa pipa lisilo na lebo na kuambiwa ni "spiriti", ajali imekwisha kutokea. Mara nyingine mchanganyaji mwenyewe hajui. Mara nyingine anajua lakini anakisia kwamba kidogo hakidhuru.

Ajabu ni kwamba desturi ya kutia methanoli ndani ya ethanoli ilianzishwa na watoza ushuru. Mwaka 1855 Uingereza iliruhusu spiriti ya viwandani iuzwe bila ushuru wa vinywaji kwa sharti kwamba ichanganywe na spiriti ya mbao, ambayo aghalabu ni methanoli, ili isinyweke. Methanoli ilifaa kazi hiyo kwa sababu ile ile inayoifanya iwe balaa leo: ikishaingia, haitoki kwa urahisi. Nchini Marekani, wakati wa marufuku ya pombe ya 1920 hadi 1933, wezi walikuwa wakiisafisha spiriti ya viwandani na kuiuza. Mwishoni mwa 1926 serikali iliagiza kiwango cha methanoli kiongezwe ikijua fika kwamba watu wangeinywa. Wengi walikufa, na marufuku yenyewe ikavunjika miaka michache baadaye.

Ndani ya mwili, methanoli yenyewe si kali sana. Sumu hutengenezwa na ini. Kimeng'enya kile kile kinachovunja ethanoli huigeuza methanoli kuwa fomaldehidi, nayo fomaldehidi hugeuka haraka kuwa asidi ya fomiki, tindikali inayopatikana pia katika sumu ya baadhi ya sisimizi. Asidi hii hulimbikizana kwenye damu na kushambulia neva ya jicho. Mgonjwa huona ukungu mweupe, kama aliyesimama katikati ya mvua kubwa, kisha giza. Mililita 10 zinaweza kupofusha, na 30 zinaweza kuua mtu mzima, kiasi kisichojaza glasi ndogo ya mama pima.

Mabadiliko haya huchukua saa 12 hadi 24. Na hapa mchanganyiko hufanya ujanja mwingine. Kimeng'enya hicho hupendelea ethanoli mara nyingi zaidi kuliko methanoli; vikiwepo vyote viwili, hushughulikia ethanoli kwanza na kuiacha methanoli ikingoja. Mlevi aliyekunywa vyote hulewa kama kawaida, akaenda nyumbani, akalala, akaamka na uchovu wa kawaida wa pombe. Sumu huanza kutengenezwa pale ethanoli inapokwisha mwilini, pengine siku ya pili au ya tatu. Muuzaji naye, akiona wateja wa jana wametembea kwa miguu yao, huendelea kuuza pipa lile lile.

Lakini tabia hiyo hiyo ya kimeng'enya ndiyo tiba. Mgonjwa akiwahi hospitalini, daktari humpa ethanoli safi kwa vipimo, kwa mdomo au kwa mshipa, ili kukishughulisha kimeng'enya wakati methanoli inatolewa taratibu kupitia pumzi na mkojo, au kwa mashine ya kusafisha damu. Ipo pia dawa iitwayo fomepizoli, ambayo ni bora na rahisi kutumia ila ni ghali. Madaktari Wasio na Mipaka, wakishirikiana na wataalamu kutoka Oslo, walisaidia kutibu waathiriwa wa methanoli jijini Tripoli, Libya, mwaka 2013, na hapa Kenya mwaka 2014, na ethanoli ilikuwa miongoni mwa silaha zao. Kwa hospitali ya kaunti ndogo isiyo na mashine ya kusafisha damu, ethanoli safi na magadi ya kutuliza asidi ya damu vinaweza kumweka mgonjwa hai hadi afikishwe penye mashine. Cha kusikitisha ni kwamba wengi hufichwa nyumbani kwa hofu ya kukamatwa, kwani msako umekwisha kuanza.

Sheria nayo imezunguka mbali. Mwaka 1980 utawala wa Rais Daniel arap Moi uliipiga chang'aa marufuku. Upishi ulijificha vichochoroni, na katika maficho hayo hakuna aliyeweza kumuuliza muuzaji alikonunua spiriti yake. Mwaka 2010 sheria iliyodhaminiwa na John Mututho, wakati huo mbunge wa Naivasha, ilifuta marufuku hiyo na kuhalalisha chang'aa iliyopikwa kwa leseni na kutiwa chupani. Ilikuwa fikra nzuri. Walioweza kugharamia leseni na mitambo, hata hivyo, hawakuwa akina mama wa vijijini. Soko lilivamiwa na pombe kali za bei nafuu, zile zilizokuja kuitwa za kizazi cha pili, ambazo aghalabu si chang'aa hata kidogo. Ni spiriti iliyotiwa maji na vionjo. Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliamuru ziangamizwe, na wanasiasa wa eneo la Kati wakaongoza vijana kuvunja maghala. Machi 2024, baada ya Kangai, Kithure Kindiki, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, alitangaza hatua zaidi ya 20, ikiwemo kusimamisha leseni za watengenezaji wa pombe hizo ili wapigwe msasa upya.

Hatua hizo zinakaribia mahali penyewe kuliko kupasua mitungi. Lakini bado zinamlenga anayejaza chupa, ilhali mwenye kumpa pipa yuko nyuma yake. Jamhuri ya Czech ilikumbwa na mkasa kama huu Septemba 2012, watu zaidi ya 40 wakafariki hatimaye. Serikali yake ilipiga marufuku mara moja uuzaji wa vinywaji vyote vyenye kileo cha zaidi ya asilimia 20, nchi nzima. Marufuku ilipoondolewa baada ya wiki mbili hivi, hakuna chupa mpya iliyoruhusiwa sokoni bila hati ya kuonyesha spiriti yake ilikotoka. Wachunguzi walifuata mapipa hadi kwa waliochanganya, nao wakahukumiwa. Kwa kanuni ya 2018 Umoja wa Ulaya umezuia methanoli katika maji ya kusafishia vioo vya magari yanayouzwa kwa umma, na spiriti ya viwandani huko hufanywa isinyweke kwa kemikali chungu iitwayo denatoniamu, iliyogunduliwa Scotland mwaka 1958. Chembe zake chache humfanya mtu ateme, ulevi uwe umemzidi kiasi gani. Pipa la methanoli likitiwa uchungu huo bandarini, ulimi wa mnywaji ungekuwa kwa mara ya kwanza kipimo cha kutegemewa.

Upo pia upande wa vidhibiti. Iliripotiwa kwamba kinywaji kilichowaua watu wa Kangai kilikuwa kimekwisha kunaswa na kuhifadhiwa katika kituo cha polisi, kabla ya kutoweka na kurudi baa. Maana yake ni kwamba sumu hiyo ilikaa mikononi mwa serikali kwa muda, ikiwa ndani ya chupa, ikisubiri kesi. Kutoka Kangai hadi kwenye maabara ya Mkemia wa Serikali jijini Nairobi ni safari ya saa mbili au tatu kwa gari, na mtambo wa kromatografia huhitaji chini ya saa moja kusoma sampuli moja ya mililita chache.